Urejeshaji wa Vifaa vya Seva za Midia ya Kidijitali Vilivyopata Hitilafu: Ufafanuzi kwa Wasimamizi wa Mitandao wa Morogoro na Milima ya Uluguru

IKISIRI

Makala hii inafafanua namna ya kurejesha kifaa cha seva ya midia ya kidijitali baada ya hitilafu ya umeme, diski au programu, kwa kuzingatia mazingira ya Manispaa ya Morogoro na vijiji vya Milima ya Uluguru. Hoja kuu ni kwamba mpangilio wa hatua za urejeshaji unapaswa kuongozwa na upekee wa maudhui yaliyomo ndani ya kifaa, wala si haraka ya kurudisha huduma. Maudhui yanayoweza kupakuliwa tena yanastahili kurejeshwa kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote. Maudhui yasiyo na nakala kwingineko yanastahili kulindwa kwanza hata kabla kifaa hakijatengenezwa. Makala inaeleza muundo wa kifaa, vyanzo vya hitilafu, hatua za uokoaji, uhakiki wa kilichookolewa, na wajibu wa kisheria unaoambatana na kazi hiyo.

1.0 Utangulizi

Morogoro ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa mwaka 1984, na Chuo Kikuu Mzumbe kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001. Kuna pia vituo vya redio na televisheni, maktaba, vituo vya utafiti wa kilimo na misitu, pamoja na shule za sekondari zilizotawanyika kutoka bondeni hadi Mgeta, Matombo na Kinole. Taasisi za namna hii huzalisha na kutunza mihadhara iliyorekodiwa, vipindi vya redio vya wakulima, picha za mimea na udongo, tasnifu, na mahojiano ya watafiti na wazee wa Kiluguru kuhusu ardhi, ukoo wa upande wa mama na matambiko. Sehemu kubwa ya maudhui hayo sasa hukaa ndani ya kifaa kimoja kilichowekwa kwenye chumba kidogo, chenye taa mbili za kijani na feni moja.

Kifaa hicho kinapozimika, msimamizi wa mtandao hukabiliwa na madai mawili yanayopingana. Watumiaji wanadai huduma irudi leo. Maudhui, ambayo hayana sauti ya kudai, yanahitaji yasiguswe mpaka yanakiliwe. Msimamizi anayesikiliza dai la kwanza pekee huweza kurudisha huduma ndani ya saa mbili na papo hapo akafuta kumbukumbu za miaka kumi. Makala hii inaonesha jinsi madai yote mawili yanavyoweza kutimizwa bila moja kuliangamiza jingine.

2.0 Muundo wa Kifaa cha Seva ya Midia

Kwa madhumuni ya makala hii, kifaa cha seva ya midia ni kompyuta iliyofungwa pamoja na mfumo wake endeshi, programu ya kuhudumia watumiaji na diski za maudhui katika kasha moja, ili iendeshwe na mtu asiye mtaalamu wa seva. Katika kundi hili wamo wahifadhi wa mtandaoni wa diski mbili hadi nane wanaotumiwa na ofisi na studio. Vifaa vidogo vya shule vinavyoendesha Kolibri au Kiwix bila intaneti. Na seva za hazina za kitaaluma zinazoendesha DSpace, programu iliyobuniwa na MIT kwa ushirikiano na kampuni ya Hewlett-Packard na kutolewa mwaka 2002.

Uzuri wa kifaa hiki ndio udhaifu wake. Kwa kuwa kila kitu kimo ndani ya kasha moja, mtumiaji huona kitu kimoja, na kinapokufa huamini kwamba kila kilichomo kimekufa. Ukweli ni kwamba kifaa kina matabaka yanayoweza kuharibika kila moja kwa wakati wake. Tabaka la kwanza ni umeme na ubao mkuu wa saketi. La pili ni diski zenyewe. La tatu ni safu ya diski, yaani mpangilio wa RAID unaozifanya diski kadhaa zionekane kama moja. La nne ni mfumo wa faili, kama vile ext4 au Btrfs. La tano ni hifadhidata inayoyapa mafaili majina na maelezo. La sita ni programu inayoonekana kwa mtumiaji. Kifaa kisichowaka kwa sababu ya adapta ya umeme iliyoungua kina diski salama kabisa. Kifaa kinachowaka vizuri lakini kinaonesha orodha tupu huenda kimepoteza hifadhidata tu, huku mafaili yote yakiwa mahali pake.

Jambo linalosaidia sana ni kwamba aina nyingi za wahifadhi wa mtandaoni, zikiwemo za Synology na QNAP, zimejengwa juu ya Linux. Safu zao za diski hupangwa na programu ya mdadm, na mifumo yao ya faili ni ile inayojulikana. Kwa hiyo diski zilizotolewa katika kasha lililokufa huweza kusomwa na kompyuta ya kawaida yenye Linux, bila kununua kasha jipya la aina ileile. Hali hubadilika endapo diski zilisimbwa kwa ufunguo unaotunzwa ndani ya kasha, au zilipangwa na kidhibiti cha pekee cha mtengenezaji. Hivyo basi kasha lililokufa lisitupwe kabla maudhui hayajapatikana.

3.0 Mazingira na Vyanzo vya Hitilafu

Manispaa ya Morogoro iko chini ya miteremko ya kaskazini ya Uluguru, kwenye mwinuko wa takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari, huku kilele cha Lupanga kilicho juu ya mji kikizidi mita 2,100. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo na kumwaga mvua, hasa upande wa mashariki. Misimu ya vuli na masika huja na radi. Minara ya mawasiliano iliyo kileleni Bondwa huonekana kutoka mjini, na wanaofanya kazi na mitandao hapa wanafahamu kwamba mlima unaorahisisha kurusha mawimbi ndio huohuo unaokaribisha radi.

Radi haihitaji kupiga jengo ili kuua kifaa. Msukumo wa umeme huingia kupitia nyaya za TANESCO, waya wa antena, au waya wa shaba wa mtandao unaounganisha majengo mawili. Ndiyo maana UPS peke yake haitoshi: hulinda mlango mmoja na kuacha mingine miwili wazi. Waya wa ethi uliofungwa vizuri na faiba isiyo na kiini cha chuma kati ya jengo na jengo huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Chanzo cha pili ni kukatika kwa umeme. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu katika gridi ya taifa ilizima umeme katika sehemu kubwa ya nchi. Hata hivyo, kinachodhuru seva zaidi si tukio kubwa linalotangazwa, bali kukatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi. Kila mara kifaa huanza kuwaka, huanza kukagua diski, na kukatizwa katikati ya kuandika. Kadi za kumbukumbu zinazotumika katika vifaa vidogo vya shule hupata madhara haya mapema kuliko diski.

Chanzo cha tatu ni unyevu. Kifaa kilichokaa katika baridi ya Nyandira kikiletwa mjini kwa matengenezo na kuwashwa mara moja huweza kuwa na matone yaliyojikusanya juu ya saketi zake. Kinapaswa kuachwa ndani ya kifungashio chake hadi joto lake lilingane na la chumba. Diski iliyolowa maji isiwashwe kabisa.

Mwisho, mtandao wenyewe hauwezi kuchukuliwa kuwa njia ya uhakika ya kurejesha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Hata pale mtandao unapokuwa mzima, hesabu ni nzito: terabaiti 1 ya video ikipakuliwa kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde bila kusimama huchukua zaidi ya siku 9. Taasisi inayosema kwamba nakala yake iko mtandaoni inapaswa kuwa imefanya hesabu hiyo.

4.0 Maudhui Yanayopakulika na Yasiyopakulika

Kabla ya kugusa kifaa, msimamizi anapaswa kujibu swali moja: ni kipi humu ndani ambacho hakipo mahali pengine popote? Jibu hupangua maudhui katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni maudhui yanayopakulika tena. Faili za ZIM zinazotumiwa na Kiwix, ambazo hubeba Wikipedia ya Kiswahili na kamusi mbalimbali, zinapatikana kwa yeyote. Vivyo hivyo mikondo ya masomo ya Kolibri: huweza kunakiliwa kutoka kwenye diski ya nje au kutoka kwa kifaa cha shule jirani kupitia mtandao wa ndani. Mfumo endeshi na programu nao wamo katika kundi hili.

Kundi la pili ni maudhui yasiyopakulika. Rekodi ya bibi wa Kinole akisimulia jinsi ardhi ya ukoo ilivyogawanywa haiwezi kurudiwa endapo msimulizi ameshafariki. Mkanda wa kipindi cha redio uliogeuzwa kuwa faili na baadaye kutupwa haupo tena. Hata ndani ya kifaa cha Kolibri mpaka huu upo: video za masomo zinapakulika, lakini hifadhidata ndogo inayotunza majina ya wanafunzi, maendeleo yao na alama zao iko katika kifaa hicho tu. Mtu akifuta kila kitu na kuanza upya kwa sababu masomo yanapatikana tena, atakuwa amefuta kazi ya mwaka mzima ya darasa.

Historia ya muziki wa Morogoro inaonesha thamani ya upangaji huu. Sauti ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, bado inasikika kwa kuwa haikukaa mahali pamoja: ilirekodiwa katika mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na pia ikatolewa kwenye santuri nchini Kenya. Chombo kimoja kikichakaa, kingine kilikuwapo. Seva ya midia huleta hatari mpya kwa kuwa inakusanya sauti nyingi katika kasha moja na kumpa mtunzaji hisia kwamba zimehifadhiwa, ilhali zimehamishwa tu kutoka makabati mengi hadi kabati moja.

Kutokana na mgawanyo huo, makala inapendekeza njia mbili zinazoendeshwa sambamba. Njia ya kwanza ni ya huduma: kompyuta nyingine, hata iliyo duni, inawekewa programu na maudhui yanayopakulika ili watumiaji waendelee na kazi. Njia ya pili ni ya uokoaji: diski za kifaa cha zamani zinawekwa kando, zinanakiliwa, na kazi yote hufanyika juu ya nakala. Njia ya kwanza inaipa njia ya pili muda, na muda ndio msimamizi huukosa kuliko kingine chochote.

5.0 Hatua za Urejeshaji

5.1 Saa ya kwanza

Katika saa ya kwanza, makosa hutokana zaidi na kutenda kuliko kutotenda. Mambo manne yaepukwe: kuwasha na kuzima kifaa mara kwa mara, kukubali pendekezo la kifaa la kutengeneza au kuandaa diski upya, kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani, na kubadilisha nafasi za diski. Kila diski ipewe namba kwa kalamu ya wino usiofutika kulingana na nafasi yake, na picha ipigwe kabla haijatolewa. Namba za utambulisho za diski, ujumbe uliooneshwa na kifaa, rangi za taa na saa ya tukio viandikwe katika daftari. Daftari hilo ni sehemu ya urejeshaji sawa na waya na bisibisi.

5.2 Kutambua tabaka lililoharibika

Uchunguzi huanzia chini kwenda juu. Adapta ya umeme hupimwa kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote na huharibika mara nyingi. Kisha kila diski huunganishwa peke yake kwenye kompyuta nyingine ili kusoma taarifa zake za afya, yaani SMART. Vipengele vitatu vinatosha kutoa uamuzi wa awali: namba 5, inayohesabu sekta zilizohamishwa baada ya kuharibika, namba 197, inayohesabu sekta zinazosubiri kuamuliwa, na namba 198, inayohesabu zilizoshindwa kusomeka. Tarakimu zinazopanda kutoka kipimo kimoja hadi kingine zinaashiria diski inayokufa. Diski inayotoa mlio wa kugonga izimwe mara moja. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisafi, na kila dakika ya kuiwasha hupunguza uwezekano wa kuiokoa.

5.3 Kunakili diski

Kila diski inanakiliwa yote, biti kwa biti, kwenye diski nyingine yenye ukubwa usiopungua wake. Programu ya GNU ddrescue inafaa kwa kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, husoma maeneo mazima kabla ya kurudi kwenye maeneo mabovu, hivyo huokoa kingi kabla diski haijachoka. Pili, huandika ramani ya kilichosomwa na kilichobaki, kwa hiyo umeme ukikatika kazi huendelea pale ilipoishia. Sifa hii ya pili, isiyozingatiwa sana mahali penye umeme wa kudumu, ina uzito mkubwa Morogoro. Diski nzima ya terabaiti 4 inayosomwa kwa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji takribani saa saba na nusu. Diski yenye majeraha huhitaji siku kadhaa. UPS ya ofisi haiwezi kubeba muda huo, hivyo ramani ndiyo kinga.

Gharama ya diski za ziada huonekana kubwa wakati huo. Hata hivyo diski mpya huweza kununuliwa Dar es Salaam na kufika Morogoro siku hiyohiyo, hasa tangu treni ya SGR ilipoanza safari za abiria kati ya miji hiyo miwili mwezi Juni 2024. Rekodi iliyofutika hainunuliki Kariakoo.

5.4 Kujenga upya safu ya diski

Wazo la RAID lilitangazwa mwaka 1988 katika makala ya Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. RAID 5 huvumilia kufa kwa diski moja, na RAID 6 huvumilia diski mbili. Kutokana na sifa hiyo, wasimamizi wengi huichukulia RAID kama nakala rudufu. Sivyo. RAID hulinda huduma isikatike diski moja ikifa. Hailindi dhidi ya kufutwa kwa faili, radi inayounguza diski zote, wizi wala programu hasidi inayosimba mafaili.

Hatari kubwa hutokea wakati wa kujenga upya. Chukua mfano wa kifaa chenye diski nne za terabaiti 4 katika RAID 5. Diski moja ikifa, kifaa hulazimika kusoma diski tatu zilizosalia zote, yaani terabaiti 12, bila kukosea. Diski nyingi za kawaida hutajwa na watengenezaji kuwa na kikomo cha kosa moja la kusoma kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambacho ni sawa na terabaiti 12.5. Kikomo hicho ni cha tahadhari na diski nyingi hufanya vizuri zaidi. Lakini diski zilizonunuliwa siku moja, zikapigwa na radi ileile na kufanya kazi katika joto lilelile, zina uwezekano wa kuchoka pamoja. Kwa sababu hiyo, diski zinakiliwe kwanza, kisha safu iunganishwe kutoka kwenye nakala, katika hali ya kusoma tu. Amri ya kuunda safu mpya isitumike badala ya amri ya kuunganisha safu iliyopo, kwani mpangilio wa diski ukikosewa, maelezo ya awali huandikwa upya juu yake.

Tahadhari hiyohiyo inahusu mfumo wa faili. Ext4 ikifunguliwa kwa kusoma tu bado huweza kutekeleza maandishi yaliyobaki katika jarida lake, na hivyo kubadilisha diski. Chaguo la noload huzuia jambo hilo. Programu ya kukagua na kutengeneza mfumo wa faili itumike juu ya nakala ya nakala, kamwe si juu ya diski asilia.

5.5 Hifadhidata na mafaili

Katika hazina inayoendeshwa na DSpace, maudhui yamegawanyika sehemu mbili. Mafaili ya tasnifu na rekodi hukaa katika saraka ya hifadhi, yakiwa na majina ya tarakimu ndefu yasiyomwambia binadamu chochote. Majina ya waandishi, vichwa vya kazi, miaka na ruhusa za kusoma hukaa katika hifadhidata ya PostgreSQL. Anayeokoa mafaili bila hifadhidata hupata maktaba ambayo vitabu vyake vyote vimeng'olewa majalada. Anayeokoa hifadhidata bila mafaili hupata katalogi ya maktaba iliyoungua. Sehemu zote mbili zinakiliwe pamoja na kwa wakati mmoja.

Kolibri nayo huyapa mafaili yake ya masomo majina yanayotokana na alama ya uhakiki ya maudhui, na taarifa za watumiaji huziweka katika faili ya SQLite. Kunakili faili hiyo kunahusu pia faili saidizi zinazokaa kando yake, kwa kuwa maandishi ya mwisho kabla ya umeme kukatika huweza kuwa bado yamo humo.

5.6 Faili za sauti na video zilizokatizwa

Umeme ukikatika wakati wa kurekodi, faili ya MP4 mara nyingi hukataa kufunguka ingawa ina ukubwa wake wote. Sababu ni kwamba faharasa yake, sehemu iitwayo moov, kwa kawaida huandikwa rekodi inapofungwa. Picha na sauti zimo, ila kichezeshi hakijui pa kuanzia. Programu kama untrunc huweza kuijenga upya faharasa hiyo kwa kutumia faili nyingine nzima iliyorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile. Hivyo basi faili nzima za kamera hiyo, hata zisizo na umuhimu, zisifutwe. Faili ya WAV ina tatizo jepesi zaidi: urefu ulioandikwa mwanzoni mwake si sahihi, nao husahihishwa. Kwa vituo vinavyorekodi matangazo mfululizo, muundo wa MPEG-TS ni salama zaidi kwa kuwa hauhitaji faharasa ya mwisho. Kinachopotea ni sekunde chache tu za mwisho.

5.7 Uhakiki

Urejeshaji haujakamilika mpaka kilichookolewa kithibitishwe. Kufunguka kwa faili si ushahidi. Video huweza kucheza dakika tano za kwanza na kuwa tupu zinazofuata. Ushahidi ni alama ya uhakiki, yaani tarakimu ndefu inayokokotolewa kutokana na maudhui yote ya faili, ambayo hubadilika hata biti moja ikibadilika. DSpace hutunza alama ya kila faili katika hifadhidata yake, na faili za ZIM hubeba alama yake ndani. Kwa rekodi za kawaida, taasisi yenyewe haina budi kutengeneza orodha ya alama za SHA-256 siku rekodi inapopokelewa, na kuitunza nje ya kifaa. Bila orodha hiyo, msimamizi anaweza kusema tu kwamba amepata mafaili. Hawezi kusema kwamba ni yaleyale.

Faili zisizookolewa nazo ziorodheshwe. Mtafiti atakayetumia hazina hiyo baadaye ana haki ya kujua kwamba pengo analoliona limetokana na hitilafu, wala si kwamba mahojiano hayakufanyika.

6.0 Wajibu wa Kisheria na Kimaadili

Diski iliyoharibika bado ina taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa azilinde dhidi ya upotevu na dhidi ya kufikiwa na wasiohusika. Kwa taasisi za umma, sheria ya mwaka 2002 inayohusu menejimenti ya kumbukumbu na nyaraka inaongeza wajibu wa kutunza na kutoangamiza kiholela. Kwa hiyo kumpelekea fundi diski yenye mahojiano ya wanakijiji au alama za wanafunzi ni uamuzi unaohitaji idhini ya maandishi, makubaliano ya usiri, na hati ya makabidhiano. Nakala za kazi zilizotengenezwa wakati wa uokoaji zifutwe kwa utaratibu baada ya uhakiki. Vinginevyo kila uokoaji huacha nyuma yake diski tatu zisizo na mwenyewe.

Upande wa maadili, msimuliaji aliyekubali kurekodiwa alimwamini mtafiti, na mtafiti akaiamini taasisi. Imani hiyo huishia mikononi mwa msimamizi wa mtandao, mtu ambaye mara nyingi hakuwahi kuambiwa ni nini kilichomo ndani ya kifaa anachokisimamia. Kumwambia ni hatua ya kwanza ya uhifadhi.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kwamba kifaa cha seva ya midia kinaweza kurejeshwa katika matabaka, na kwamba upotevu mkubwa wa maudhui unaweza kusababishwa na hatua za haraka zinazochukuliwa baada ya hitilafu kuliko hitilafu yenyewe. Kutokana na hoja hizo, inapendekezwa mambo manne.

Kwanza, kila taasisi iwe na orodha ya ukurasa mmoja inayotenganisha maudhui yanayopakulika na yasiyopakulika, ikibandikwa kando ya kifaa. Pili, maudhui yasiyopakulika yafuate kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa taasisi za Morogoro, nje ya jengo inafaa ieleweke kuwa nje ya mkoa, kwa kuwa radi na mafuriko havitambui mipaka ya kampasi. Tatu, zoezi la kurejesha lifanyike angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, kwa kutumia nakala rudufu na kompyuta tupu; nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni dhana tu. Nne, bajeti ya kununua kifaa ijumuishe tangu mwanzo bei ya diski za kunakilia.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna shule na vijiji vya milimani vinavyoweza kutunziana nakala, kifaa cha kijiji kimoja kikibeba maudhui ya pekee ya kingine. Utaratibu huo hauhitaji intaneti. Unahitaji diski moja ya nje, msafiri anayeshuka mjini siku ya soko, na daftari linaloonesha nani amebeba nini na lini.